Saratani ya mlango wa kizazi iliyorudi baada ya mionzi: picha ipi inaamua tiba ipi?

MgangaWilaya:

Habari za kazi wanajamvi. Naomba tuchambue hali ambayo hospitali za wilaya na mikoa hukutana nayo kila mara, na kila mmoja huagiza kipimo anachokijua yeye.

Chukulia mama wa miaka 46, saratani ya mlango wa kizazi aina ya skwamasi (ya seli bapa), hatua ya IIB, yaani imeingia parametria (tishu za pembeni ya mlango) bila kufika ukuta wa nyonga. Anaishi na VVU na dawa anazimeza vizuri. Alimaliza mionzi ya nje mara 25, jumla Gy 50 (Gy, greyi, ni kipimo cha dozi ya mionzi), pamoja na kemo ya sisiplatini ya kila wiki, kisha akapata mionzi ya ndani. Imepita miezi 14. Sasa mguu wa kushoto umevimba, ana maumivu yanayoanzia kwenye kalio na kushuka nyuma ya paja, na ultrasaundi inaonyesha figo ya kushoto imejaa maji kabisa huku ya kulia ikianza. Ndani ya nyonga kuna "kitu kisichoeleweka vizuri". Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikishindwa, ni 310 µmol/L.

Maswali yangu: tuanze na CT, twende MRI, au tumpeleke PET (picha ya sukari yenye mionzi kidogo inayong'aa penye saratani)? Ripoti ikirudi na yale maneno ya "uvimbe au kovu la mionzi", tunafanyaje? Na la tatu ndilo linaloniuma zaidi: kama mwisho wake ni tiba shufaa (ya kupunguza mateso, sio kuponya) kwa vyovyote vile, kuna haki gani ya kuiambia familia iuze ng'ombe ili kulipia picha?

---

Picha_Nyonga:

Dkt., nianze na la tatu kwa sababu ndilo linalopanga mengine. Picha ina haki ya kulipiwa pale ambapo majibu yake mawili tofauti yangempeleka mgonjwa kwenye tiba mbili tofauti. Kwa mama huyu yapo mambo manne yanayoweza kugeuza njia: je, ni saratani kweli au ni kovu? Kama ni saratani, iko katikati ya nyonga au imeshika ukuta wa pembeni? Imetoka nje ya nyonga? Figo zinaokoleka? Hakuna mashine moja inayojibu yote manne vizuri, na mpangilio wa kuuliza ndio unaookoa pesa.

Kabla ya kufikiria mashine kubwa, fanya vitu viwili leo leo ukiwa na ultrasaundi yako. Kwanza pima mishipa ya mguu kwa dopla. Mguu mmoja uliovimba kwa mwenye saratani unaweza kuwa na damu iliyoganda, na hiyo haisubiri tarehe ya MRI. Pili, papasa juu ya mtulinga wa kushoto, kisha weka proba hapohapo hata kama vidole havikugusa kitu. Ukikuta tezi iliyopoteza umbo la haragwe na kuwa duara, isiyo na ule mstari mweupe wa katikati, ingiza sindano palepale. Sehemu ya majimaji iende patholojia, sehemu nyingine iende GeneXpert (kipimo cha kifua kikuu), maana kwa mtu anayeishi na VVU kifua kikuu cha tezi hufanana na saratani kwenye kila picha tuliyo nayo. Tezi hiyo ikitoa seli za saratani, swali la upasuaji mkubwa limekwisha na huna sababu ya kumtafutia MRI ya kumpeleka kwa mpasuaji.

Sasa CT. Wengi huianza kwa kuwa ipo karibu. Kwa kreatinini 310, mama wa umri huo uchujaji wake wa figo uko kwenye takriban mL 15 kwa dakika, kwa hiyo dawa ya kontrasti ya CT (inayodungwa ili picha ionekane vizuri) ni ya kuogopa. CT bila kontrasti itakuonyesha figo zilizojaa na mahali ureta ilipobanwa, basi. Hata ukiipata yenye kontrasti, kwenye nyonga iliyopigwa mionzi CT huona tishu nene ya kijivu na haiwezi kukuambia kama kijivu hicho ni kovu au uvimbe. Ndipo yanapozaliwa yale maneno uliyoyataja. Aliyeandika ripoti hajazembea, mashine ndiyo iliyofika mwisho wa uwezo wake. CT ina kazi yake nzuri kwenye kifua, ini na tezi za pembeni ya aota (mshipa mkuu wa damu), na kifua hakihitaji kontrasti kuonyesha vinundu vya mapafu.

MRI ndiyo inayotenganisha kovu na uvimbe, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kwa kazi hii inaweza kufanyika bila gadolini (dawa ya kontrasti ya MRI) kabisa. Unachohitaji ni T2 (aina mojawapo ya picha za MRI) yenye vipande vyembamba (milimita 3 hadi 4) kwa pande tatu, na picha za difyusheni (zinazoonyesha jinsi maji yanavyotembea ndani ya tishu) zenye b-value, yaani nguvu ya kipimo hicho, ya 800 hadi 1000, pamoja na ramani ya ADC inayoonyesha kiasi halisi cha mwendo huo. Kovu lililokomaa ni jeusi kwenye T2, jeusi kama misuli au zaidi, na kwenye difyusheni halina mng'ao. Uvimbe uliorudi ni kijivu cha kati kwenye T2, unang'aa kwenye difyusheni, na mahali hapohapo kwenye ADC pana giza. Lazima viwili hivi viende pamoja. Kitu kinachong'aa kwenye difyusheni na pia kinang'aa kwenye ADC mara nyingi ni maji au tishu iliyovimba kwa mionzi tu, sio saratani. Ripoti nyingi za uongo hutoka kwa mtu aliyeangalia difyusheni peke yake akasahau kufungua ADC.

Kosa jingine ni hewa. Hewa ya kwenye rektamu hupinda picha ya difyusheni na kutengeneza mng'ao wa bandia ukutani, hasa pale nyuma ya uke ambapo ndipo tunapotafuta. Mgonjwa ajisaidie kabla, apewe haiosini ya sindano mg 20 kutuliza utumbo kama hana kizuizi kama glakoma au moyo kwenda mbio, na kibofu kiwe nusu. Kikijaa sana kinasukuma viungo na mgonjwa anatikisika kwa maumivu.

Muda nao ni wa kuangalia sana. Miezi 3 ya kwanza baada ya mionzi tishu zimevimba na T2 inadanganya. Miezi 14 ni muda mzuri, kovu linapaswa kuwa limekauka. Ndiyo maana tarehe ya mwisho wa mionzi ni taarifa ya kwanza ninayoitafuta kwenye fomu, na mara nyingi haipo.

Kwa mama huyu, mguu mmoja kuvimba, maumivu ya neva ya nyuma ya paja na figo kujaa upande huohuo ni utatu unaojulikana wa ugonjwa ulioshika ukuta wa pembeni. MRI itathibitisha kwa kuangalia kama mafuta kati ya uvimbe na msuli wa ndani wa nyonga bado yapo, na kama uvimbe umezunguka mishipa mikubwa au umefika kwenye mizizi ya neva ya siatiki. Mafuta hayo yakipotea, mpasuaji hana mahali pa kupitisha kisu.

---

Mionzi_Pwani:

Namuunga mkono Picha_Nyonga, nami niongeze upande wa tiba, kwa sababu sisi ndio tunaopokea hizo CD za picha kwenye hospitali za saratani, pale Ocean Road (Dar es Salaam) au Bugando (Mwanza).

Ugonjwa uliorudi katikati tu, kwenye kilele cha uke au mlango wenyewe, bila kugusa ukuta na bila kitu nje ya nyonga, bado unaweza kutibiwa kwa lengo la kupona. Tiba hiyo ni upasuaji wa kuondoa viungo vya nyonga kwa pamoja: kizazi, uke, mara nyingi kibofu na rektamu pia, kisha mgonjwa anaishi na mfuko wa mkojo na wa choo. Alexander Brunschwig aliuelezea mwaka 1948 na hadi leo unabaki kuwa upasuaji mzito. Hakuna ruhusa ya kumfanyia mtu hivyo kwa picha peke yake. Lazima kipande cha nyama kithibitishe saratani, na lazima mwili mzima uwe umeangaliwa. Kwa hiyo hapa ndipo PET inapostahili safari: mgonjwa ambaye MRI inasema ni katikati, biopsi inasema ni saratani, na tunataka kuhakikisha hakuna tezi ya aota au ya kifuani kabla hajapoteza viungo vyake. Mgonjwa wa namna hii PET inaweza kumwepusha na upasuaji usio na faida, na hilo ni jambo kubwa.

Kama ni katikati na kidogo, chini ya sentimita 2 hivi, kuna mjadala wa kurudia mionzi ya ndani kwa sindano. Hapo siulizi picha mpya tu, naomba na mpango wa zamani: dozi ya nje, dozi ya ndani kwa kila kipindi, na kiasi kilichopokelewa na rektamu na kibofu. Bila karatasi hizo nakuwa napiga gizani juu ya tishu iliyokwishabeba mzigo, na malipo yake ni fistula (tundu kati ya uke na kibofu au rektamu). Muda uliopita ukiwa mfupi, hali huwa mbaya zaidi.

Tezi moja pembeni ya aota, nje ya eneo lililopigwa mionzi mwanzo, ni habari tofauti kabisa. Watu huiita "imesambaa" na kumrudisha mgonjwa nyumbani. Kama picha zinaonyesha ni hiyo peke yake, anaweza kupata mionzi kamili ya eneo hilo pamoja na kemo, na wapo wanaopona. Tafadhali msimfungie mlango mgonjwa huyu kwa neno moja la ripoti.

Mama wa swali letu, iwapo MRI itathibitisha ukuta wa pembeni ndani ya eneo lililokwishapata Gy 50, upasuaji hautawezekana na mionzi kamili haitarudiwa. Kinachobaki ni dawa na tiba shufaa, lakini hata hapo picha bado zinaamua. Figo kwanza. Kama anaweza na anataka kupata kemo, zitobolewe kwa mgongoni chini ya ultrasaundi na kuwekwa mpira, au stenti (mrija mwembamba wa ndani ya ureta) ipitishwe kutoka kibofuni. Kwenye kizuizi cha saratani kinachobana kwa nje stenti hushindwa mara nyingi, mpira wa mgongoni ni wa uhakika zaidi. Toboa figo yenye nyama nene zaidi kwenye ultrasaundi, sio ile iliyojaa zaidi. Figo ambayo gamba lake limebaki jembamba kama karatasi haitarudisha kazi. Kwa hesabu hiyo, kwa mama huyu huenda ya kulia ndiyo ya kuanza nayo. Subiri kreatinini ishuke ndipo upange dawa. Vituo vingi havitoi sisiplatini uchujaji ukiwa chini ya 50. Dawa za kemo za kaboplatini na paklitakseli ndizo zinazoshika nafasi, na kaboplatini hukokotolewa kwa uchujaji wenyewe.

Bevasizumabu (dawa inayozuia uvimbe kuota mishipa ya damu) ikiongezwa kwenye kemo iliongeza maisha katika utafiti wa saratani hii uitwao GOG 240, kutoka wastani wa miezi 13.3 hadi 17.0, lakini soma MRI kabla ya kuiandika. Uvimbe ulioingia kwenye ukuta wa kibofu au rektamu iliyopigwa mionzi, ukiupa dawa hiyo, unaweza kufunguka na kuacha tundu. Hilo ni swali la kumuuliza mtu wa picha kwa maneno: "Je, utando wa ndani wa kibofu umevunjika?"

Na kama mama ameshachoka, hataki kemo, au hali yake ni ya kitandani, basi mpira wa figo unaweza kumrefushia siku za maumivu tu. Zungumzeni naye na ndugu zake kabla ya kutoboa. Hapo hakuna MRI wala PET ya kuagiza. Kuna morfini, na dozi chache za mionzi ya kutuliza kama anatoka damu.

---

Nyuklia_NRB:

Hamjambo. Kwa upande wa PET, kwa wanaotuma wagonjwa Nairobi (ipo Aga Khan na pia Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta), haya ndiyo yanayoharibu kipimo na pesa ikapotea.

Sukari. Tunataka iwe chini ya 11 mmol/L. Mgonjwa hali kwa saa 6, maji matupu anakunywa, na chai ya sukari ya njiani ni chakula. Anayetumia insulini asijidunge ile ya haraka ndani ya saa 4 kabla, kwa sababu dawa ya PET (ile sukari yenye mionzi) itakwenda kwenye misuli na uvimbe hautaonekana. Metformini (kidonge cha kisukari) huwasha utumbo mzima ukang'aa na kufunika nyonga. Mara nyingi tunaomba isimamishwe saa 48 kwa makubaliano na daktari wake. Akishadungwa anapumzika kimya dakika 60 bila kutembea wala kuongea sana. Nusu-uhai ya florini-18 iliyomo kwenye dawa hiyo, yaani muda wa mionzi yake kupungua hadi nusu, ni dakika 110, hivyo aliyechelewa saa mbili amepoteza zaidi ya nusu ya dozi iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Kibofu ni adui yetu kwa saratani hii, maana dawa hutokea kwenye mkojo na kung'aa sentimita chache tu kutoka kilele cha uke. Akojoe kabla ya kupanda, tuanze kupiga nyonga kwenda juu kabla hakijajaa tena. Kwa mwenye figo zilizojaa, mkojo ulionasa kwenye ureta huonekana kama tezi. Usisome PET hiyo bila kuipitia CT iliyo chini yake, kipande kwa kipande.

Kinachong'aa sio lazima kiwe saratani. Kifua kikuu, tezi za VVU ambayo haijadhibitiwa, fistula, jipu, hata chanjo ya mkono ya wiki iliyopita, vyote hung'aa. Nako kutokung'aa hakumaanishi usalama: tezi yenye milimita 5 huweza kubeba ugonjwa na PET ikakaa kimya, na adenokasinoma (saratani ya seli zinazotoa ute) yenye ute mwingi hunyamaza pia. Kwa tezi za kifuani zinazong'aa pande zote mbili kwa usawa, mimi naandika "thibitisha kwa sindano" na namaanisha hivyo.

---

Picha_Nyonga:

Nyuklia_NRB amenikumbusha kitu ambacho kinaumiza wagonjwa wengi: mfupa wa sakramu (wa nyuma ya nyonga, chini ya kiuno). Mionzi hudhoofisha mfupa, na ndani ya miaka 2 hivi baada ya tiba mama hupata nyufa bila hata kuanguka. Anakuja na maumivu ya kiuno na kalio, PET au skani ya mifupa inang'aa, mtu anaandika "imeingia mifupani", na mgonjwa anawekwa kwenye kundi la wasiopona.

Tazama umbo. Ufa wa mionzi hukaa sambamba na jointi kati ya sakramu na nyonga, mara nyingi pande zote mbili, na ukiwa na mstari wa kukatiza katikati unapata herufi H. Kwenye T1 (aina nyingine ya picha) ya MRI unaona mkanda mweusi, na ndani yake pengine mstari mweusi zaidi wa ufa wenyewe. Kwenye CT yenye vipande vya milimita 1 mstari huo unaonekana mweupe kidogo, na hakuna nyama iliyovimba nje ya mfupa. Saratani huwa ya duara, inasukuma, inakula gamba la mfupa, na mara nyingi ina tishu laini pembeni. Ukiona H usiingize sindano na usiupige mionzi mfupa huo. Mpe dawa za maumivu, kalsiamu na vitamini D, na apunguze kubeba mizigo.

Kuhusu biopsi yenyewe: iingie kwenye sehemu inayong'aa difyusheni, sio katikati ya uvimbe palipokufa. Sindano ya kukata ya geji 18, vipande 3 au 4. Kilele cha uke kinachoonekana kwa macho kichukuliwe kwa speklamu (kifaa cha kufungulia uke), ila kwa upole na vipande vidogo. Tishu ya mionzi haiponi haraka na kipande kikubwa ndicho mwanzo wa fistula. Jibu la "seli zilizokufa tu" halimaanishi hakuna saratani. Rudi kwenye picha uone kama sindano ilifika.

---

MgangaWilaya:

Ahsanteni sana. Nimeelewa hivi: dopla na shingo kwanza, kisha MRI bila gadolini pamoja na CT ya kifua, sindano mahali panapofikika, na PET iwe kwa yule tu ambaye bado ana njia ya kupona. Naomba mawili ya mwisho. Akianza kemo, picha ya kulinganisha ipigwe lini? Na fomu ya MRI iandikwe nini ili isirudi na "uvimbe au kovu"?

---

Mionzi_Pwani:

Picha ya msingi iwe ndani ya wiki 4 kabla ya dozi ya kwanza, kisha baada ya mizunguko 3, kwa mashine ileile na mpangilio uleule. Ukianza na MRI na kumalizia na CT hakuna ulinganifu. Tezi hupimwa kwa upana wake mfupi; ukiwa milimita 15 na zaidi ndipo inafaa kuwa kipimo cha kufuatilia. Kupungua ni asilimia 30 ya jumla ya vipimo ukilinganisha na mwanzo. Kukua ni asilimia 20 na angalau milimita 5, ukilinganisha na kipimo kidogo kuliko vyote alichowahi kufikia, na hapa wengi hukosea kwa kulinganisha na picha ya kwanza. Mpira wa figo ukiziba, figo itajaa tena bila ugonjwa kukua, kwa hiyo usibadilishe dawa kwa sababu ya figo peke yake. Anayepata pembrolizumabu (dawa ya kuamsha kinga ya mwili) uvimbe wake ukionekana kukua lakini anajisikia vizuri, rudia picha baada ya wiki 4 hadi 8 kabla ya kuikatisha.

---

Picha_Nyonga:

Fomu, andika hivi, ubadilishe tarehe na namba tu:

"Mwanamke miaka 46. Skwamasi ya mlango wa kizazi IIB. Mionzi ya nje Gy 50 mara 25 na mionzi ya ndani, imeisha miezi 14 iliyopita. Sasa mguu wa kushoto umevimba, dopla haina damu iliyoganda; maumivu ya siatiki kushoto; figo zote zimejaa, kushoto zaidi. Kreatinini 310, usitumie gadolini. Naomba MRI ya nyonga, T2 pande tatu, difyusheni na ADC, ukataji ufike juu hadi mishipa ya figo kwa ajili ya tezi za aota. Maswali: kuna uvimbe au kovu kwenye kilele cha uke na parametria? Ukuta wa kushoto, mishipa na mizizi ya siatiki vimeguswa? Utando wa kibofu na rektamu ni mzima? Ureta imebanwa wapi na na nini? Sakramu ina ufa? Ni sehemu gani salama ya kuchukua kinyama? Picha za kabla na baada ya mionzi zimo kwenye CD iliyoambatanishwa."

Na CD iambatane kweli. MRI ya kabla ya mionzi ikiwa pembeni yangu, naona uvimbe wa kwanza ulikaa wapi na ulikuwa na rangi gani, na nusu ya mashaka yanaondoka kabla sijaandika neno.